Namba ya Tatu: Bibie Aseti Simu ya Nyumbani, Siri ya Mume Yalia Sebuleni

Hamburg, Ujerumani, mwaka 1998. WhatsApp haijazaliwa, na Mbongo aliyeko majuu akitaka kusikia sauti ya nyumbani anangoja simu ya mezani ilie.

Mke na mume wa Kibongo, ndoa ina miaka 4, mtoto bado. Jamaa ni mtu wa vifaa, yule wa kufungua redio nzima ili ajue inavyofanya kazi. Alipovuta laini ya ISDN, washkaji wote walipata habari. Na kweli ilikuwa laini ya maana: waya mmoja una chaneli 2, kila moja kilobiti 64 kwa sekunde. Mmoja anapiga stori na simu, mwenzake yuko intaneti, hakuna anayemkatia mwingine. Halafu laini hiyo hiyo ilikuja na namba 3.

Simu zao zilikuwa za kawaida tu, kwa hiyo katikati kukafungwa kiboksi, adapta, chenye matundu mawili ya kuchomeka simu. Kila tundu unaliambia lisikilize namba ipi. Namba ya kwanza akaipa simu ya sebuleni. Ya pili akaiacha kwa ajili ya kompyuta. Ya tatu akaipa simu ya chumba kidogo cha nyuma.

"Hiyo ya mambo ya kazi," alisema. Bibie hakuuliza tena.

Tatizo likaanzia Tanga. Mama yake bibie alikuwa analalamika: kila akijitahidi kupiga, namba inatumika. Bibie akachukua kijitabu cha adapta, akaona kuna setingi ya hiari: ukiwa unaongea na simu nyingine ikaingia, unasikia mlio mdogo. Jamaa hakuwahi kuiwasha. Bibie akaamua kuiwasha mwenyewe, bila kumsubiri mtu. Nyota, tarakimu, reli.

Akakosea, mipangilio ikavurugika. Kijitabu kikampa dawa: bonyeza hivi, adapta inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Akabonyeza. Akanyanyua simu, mlio upo. Akajipongeza, akainjika chai.

Asichojua ni kwamba kurudisha hali ya kiwandani kulifuta namba zote alizoandika mumewe. Na kwenye adapta ile, tundu lisiloandikiwa namba halichagui. Ikipigwa yoyote kati ya zile 3, simu zote za nyumba zinalia.

Jumamosi hiyo jamaa alichelewa kazini. Simu ya sebuleni ikalia. Bibie akajua ni mama, akaiwahi.

"Shikamoo," sauti ya mtoto wa kike.

"Marahaba, mwanangu. Nani mwenzangu?"

"Naomba kuongea na baba."

Bibie akacheka, akajua mtoto kakosea namba. "Baba yupi?"

Mtoto akataja majina matatu, yote matatu ya mumewe. Kisha akaongeza haraka haraka, maana dakika za simu ya nje zilikuwa ghali: "Mwambie nimefaulu. Bibi anamsalimia." Ikakatika.

Jamaa aliporudi alikuta chai imepoa na kijitabu kipo mezani. Hakubisha. Mtoto ana miaka 11, alizaliwa kabla hawajajuana, analelewa na bibi yake Morogoro. Kila Jumamosi alikuwa anajifungia chumba cha nyuma kusubiri simu. Na kwa kuwa simu inayoingia analipia anayepiga, kwenye bili hakukuwa na kitu cha kumshtua mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Miaka 4 tunatafuta mtoto. Ningekwambia mimi ninaye, ungejiona tatizo ni wewe."

Bibie alikaa kimya muda mrefu. "Ndugu zako wananiuliza mimi kila siku. Kumbe nao wanajua?"

Jamaa akainamisha kichwa. Jibu likawa limepatikana.

Usiku ule bibie alilala sebuleni. Asubuhi akamkuta mumewe amechuchumaa mbele ya kiboksi, kijitabu mkononi, anataka kurudisha namba kila moja kwenye tundu lake.

"Washa ile ya mlio wa mama. Namba usiandike hata moja," bibie akamwambia. "Akipiga nani, ilie nyumba nzima."

Jumamosi iliyofuata simu zililia kwa pamoja, sebuleni na chumba cha nyuma. Jamaa alikuwepo, lakini hakunyanyuka. Aliyenyanyua ni bibie.

"Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kufaulu. Baba yupo, ila kwanza niambie unaitwa nani."

Wadau, jamaa alikuwa anamlinda mkewe, au alikuwa anajilinda mwenyewe? Na ungekuwa wewe ndiye bibie, simu ya pili ungeipokea?