Kadi ya Rafuni na Kipuri Hewa

Lugha yetu ina neno moja, kumbukumbu, kwa yale ambayo moyo unayashika na yale ambayo karani anayaandika. Katika stoo ya vipuri ya muuzaji wa magari, maana hizo mbili zilikaa pamoja kwa muda mrefu kwenye kadi ya karatasi ngumu iliyowekwa kando ya kila kisanduku rafuni. Juu iliandikwa namba ya kipuri. Chini zilipangwa safu za tarehe, vilivyoingia, vilivyotoka na salio. Mtunza stoo aliyetoa filta moja ya oili alijaza safu zake, akapunguza salio, akairudisha kadi mahali pake. Leo kadi hiyo imetoweka katika stoo nyingi na skrini imechukua nafasi yake. Wengi husimulia badiliko hilo kama ushindi mtupu. Mimi naamini tulipata kasi na upana ambao kadi isingetupa kamwe, lakini tuliiondoa namba kando ya kitu inachokihesabu, na hatukuweka chochote badala ya lile jicho lililolazimika kutazama rafu kila kalamu ilipogusa karatasi.

Kadi iliishi muda mrefu nchini Tanzania, na haikuwa kwa uzembe. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta bila kibali maalumu, na masharti hayo hayakuisha hadi miaka ya 1990. Fedha za kigeni nazo zilikuwa adimu, hasa baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, hata muuzaji aliyetaka kuagiza beringi au pedi za breki alihitaji kwanza leseni na mgao wa fedha hizo. Stoo ilikuwa na vitu vichache na watu wengi waliovisubiri, kwa hiyo uhaba wenyewe ulikuwa mlinzi wa hesabu. Isitoshe, kadi haikusimama peke yake. Ofisi ya uhasibu ilikuwa na leja iliyojazwa kutokana na hati za kupokelea na kutolea mali, na salio la leja lilipaswa kulingana na salio la kadi. Mikono miwili tofauti iliandika habari ileile, na palipokuwa na hitilafu, vitabu vyenyewe viliumbuana. Nadhani ni huo utaratibu wa mashahidi wawili, kuliko karatasi, ambao tumeupoteza bila kutambua.

Hata hivyo, anayesema kwamba turudi kwenye kadi hajafikiria ukubwa wa kazi ya leo. Mwaka 1984 waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuagiza bidhaa, soko likazidi kufunguka kuanzia 1986, na magari yaliyotumika kutoka Japani yakaja kwa wingi katika miaka iliyofuata. Kaunta za vipuri, za wauzaji rasmi na za maduka ya Gerezani jijini Dar es Salaam, zikaanza kuulizwa vitu vya kila sampuli. Namba ya kipuri cha Toyota kwa kawaida ina nafasi kumi: tano za kwanza hueleza ni kipuri cha aina gani, tano za mwisho hueleza ni kipi hasa. 04465 ni pedi za breki za mbele, lakini ukiishia hapo hujajua chochote, kwa sababu tarakimu zinazofuata ndizo zinazotenganisha pedi zitakazoingia na zitakazogoma. Gari lililouzwa ndani ya Japani halina hata ile namba ya utambulisho yenye nafasi 17. Lina namba fupi ya chesisi, na ni lazima uanzie hapo kutafuta. Kisha kiwanda hubadilisha namba, ya zamani ikarithiwa na mpya, na kipuri kilekile kikawa na majina mawili. Hakuna droo ya kadi inayoweza kubeba mzigo huo.

Tatizo ni kwamba namba imebadilika kazi. Zamani ilimwarifu mtu, na mtu ndiye aliyeagiza, akiwa amepita mbele ya rafu asubuhi hiyo. Sasa programu husoma salio, hulinganisha na kiwango cha chini kilichowekwa, kisha hupendekeza oda yenyewe. Chukua kipuri ambacho stoo huweka kimoja tu, kama vipuri vingi vinavyotoka polepole. Kimetoka bila kuandikwa. Skrini inasema 1, rafu ni tupu. Kwa kuwa skrini inasema 1, programu haiagizi. Kwa kuwa rafu ni tupu, hakuna kitakachouzwa. Na kwa kuwa hakiuzwi, programu inahitimisha kwamba hakitakiwi. Tumezoea kusikia habari za watumishi hewa katika orodha za mishahara. Hiki ni kipuri hewa, na ubaya wake ni kwamba kosa linajilinda: mauzo ambayo yangelifichua ndiyo hayo linayoyazuia. Kosa la upande wa pili, skrini kusema 0 wakati viwili vimelala rafuni, hugharimu fedha za oda isiyohitajika, lakini angalau kosa hilo halijilindi.

Watu husema makosa ya namna hiyo ni machache na kompyuta nzuri huyapunguza. Watafiti Nicole DeHoratius na Ananth Raman walichapisha mwaka 2008 uchunguzi wa kumbukumbu karibu 370,000 za bidhaa katika maduka 37 ya kampuni moja ya rejareja, na wakakuta asilimia 65 haziafikiani na kilichomo dukani. Hayakuwa maduka ya vipuri, na sidai kwamba kiwango hicho ni cha kila stoo. Ninachodai ni kwamba kuwa na kompyuta hakuthibitishi kwamba namba ni sahihi, na stoo ya vipuri ina njia nyingi za kuziharibu. Oili huingia kwa pipa na kutoka kwa lita. Plagi huja nne kwenye boksi, na mmoja akipokea boksi 1 huku mwingine akitoa plagi 4, salio limeharibika bila mtu kuiba. Fundi wa karakana huchukua sensa ili ajaribu tu kama ndiyo yenye hitilafu, hati itaandikwa baadaye. Kipuri kilichorudishwa huwekwa kwenye boksi lisilo lake. Hapa ndipo msimbopau unapofika mwisho wa uwezo wake: unasoma boksi kwa uaminifu kamili, lakini hauoni kilichomo ndani.

Jibu la kawaida la wakurugenzi ni hesabu ya mwisho wa mwaka mbele ya wakaguzi. Nakubali kwamba inahitajika kwa mizania, ila inapima kitu kingine. Mkaguzi anataka thamani. Ikiwa pedi za gari moja zimezidi seti mbili na za gari jingine zimepungua seti mbili za bei ileile, shilingi zinafutana, ripoti inasoma tofauti sifuri, na kwenye kaunta kuna wateja wawili watakaoondoka mikono mitupu. Zaidi ya hayo, upungufu unaogunduliwa Desemba ungeweza kuzaliwa siku yoyote ya mwaka, na hakuna anayeweza kukumbuka. Kwa hiyo lawama humwangukia mtunza stoo, mara nyingine kwa kukatwa mshahara. Wako wanaosema bila adhabu hiyo wizi utashamiri. Naona adhabu isiyojua tarehe wala sababu humfundisha mtu mwaminifu kuficha makosa madogo, na humpa mwizi mwaka mzima wa kujifichia.

Jinsi tunavyoitegemea skrini ilionekana Juni 2024, pale shambulio la mtandaoni lilipoizima mifumo ya kampuni ya programu ya CDK Global, inayotumiwa na wauzaji wa magari wapatao 15,000 huko Marekani na Kanada, na kwa siku kadhaa wengi wao walirudi kwenye karatasi na kalamu. Wapo waliosoma tukio hilo kama hoja ya kuwa na mtambo wa akiba. Mimi nalisoma kama kipimo cha umbali ambao ujuzi wa stoo umesafiri kutoka stoo. Namna ya kuurudisha inajulikana na haihitaji mashine mpya: kuhesabu sehemu ndogo kila siku kabla kaunta haijafunguliwa, vipuri vinavyotoka haraka vikirudiwa mara nyingi kuliko vingine, na anayehesabu asioneshwe salio la skrini. Tofauti ikionekana, hati za kutafuta ni za tangu hesabu iliyopita, fundi aliyechukua sensa bado anakumbuka, na shahidi wa pili amerejea kazini. Orodha ya kila asubuhi iwe pia na namba kadhaa ambazo skrini inasema ni 0, ili mtu aende akaangalie kama rafu hiyo ni tupu kweli.