Kikombe Chekundu



Mwaka uliopita, vijana wa parokia yetu hapa Bukavu walipanga karamu ya Halloween, jioni ya tarehe 31 Oktoba. Siku moja kabla, walijaribu kinywaji chao: maua makavu ya rosela yaliyochemshwa na tangawizi, sukari, maji ya nanasi, na mbegu nyeusi za marakuja zilizoelea juu kama macho ya wadudu. Hakikuwa na pombe. Wakakiita «Damu ya Maiti». Walinionjesha, nikacheka, nikakisifu.

Usiku sikupata usingizi. Tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa katika mji huu huu. Wakati ule nilikuwa kijana kama ninyi. Kwetu damu si kitu cha kutishana. Nyumba nyingi zina jina la kulilia.

Asubuhi niliwaomba radhi kwa kicheko changu, nikawasimulia habari hizo. Sikuwakataza karamu, kwani jina Halloween lenyewe latokana na mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote. Wao wenyewe waliliacha lile jina la kinywaji. Kinywaji kilibaki kilekile. Ila kabla ya kunywa, kila mmoja alimtaja marehemu mmoja wa kwao, tukamwombea. Msichana mmoja alimtaja baba yake, ambaye hatukuwahi kumsikia akimtaja.

Mtakapokusanyika mwaka huu, furahini. Lakini kwanza ulizaneni: ni nani kati yetu angali anaomboleza?