Kabla Mtunzi Hajaanza Kujieleza

Siku hizi mwanamuziki akitoa albamu, hata hatujaufikia wimbo wa tatu, ameshakaa redioni kutufafanulia: huu nilimtungia fulani, ule niliuandika baada ya kuachwa. Sisi tuliolelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam hatukuyajua hayo. Bendi ilirekodi, mtangazaji akataja jina la wimbo na la bendi, basi. Georgina wa Marijani Rajabu na Safari Trippers ni nani hasa? Na Neema wa bendi ya Sikinde je? Kila kijiwe kilikuwa na jibu lake. Kwangu mimi, ukimya ule wa mtunzi ulikuwa sehemu ya utunzi. Kwa kuwa hakukuwa na mahali pa kujieleza baadaye, kisa chote kilibidi kiingie ndani ya wimbo, na dansi lilimpa nafasi: kwanza mwendo wa taratibu wa kusimulia, ndipo magitaa yapande na chemko lianze.

Mabadiliko yanaonekana vizuri kwa Remmy Ongala, mzaliwa wa Kindu, Kongo, aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978. Mwaka 1989 albamu yake na Super Matimila, Songs for the Poor Man, ilitolewa Uingereza na Real World, kampuni ya Peter Gabriel. Mkazi wa Sinza, Dar es Salaam, hakuhitaji kuelezwa maana ya wimbo wake “Sauti ya Mnyonge”, alikuwa akiiishi. Mnunuzi wa London alihitaji maelezo, na hapo kisa kikaanza kuwa na makazi nje ya wimbo. Redio binafsi zilipoanza kwetu katika miaka ya 1990, mahojiano yakaizoesha hadhira ya nyumbani kusubiri maelezo yale yale.

Atakayenipinga atasema watunzi wa zamani walinyamaza kwa woga, maana redio ilikuwa moja, nayo ya serikali. Woga ulikuwepo, sikatai, na mafumbo mengi yalizaliwa humo. Lakini “Mambo kwa Soksi” ya Remmy ilihimiza matumizi ya kondomu wakati wa ukimwi bila kuzunguka, redio ikakataa kuipiga, na bado watu waliijua. Mwingine atadai nawaonea vijana. Hapana: mwaka 2001 rapa Professor Jay, katika “Ndiyo Mzee”, alimweka mwanasiasa jukwaani na umati unaoitikia kila ahadi, na hakuna aliyehitaji mahojiano ili acheke. Ninachokilaumu ni mazoea ya kuuacha wimbo na mistari minne ya kurudiarudia, kisha kuyapeleka mahojianoni yale yaliyopaswa kuimbwa. (Waandishi wa habari nao wanachangia, swali lao la kwanza siku zote ni “ulimwimbia nani?”)

Wewe unayetunga, mpe wimbo wako mtu asiyekujua kabla hujaurekodi. Akikuuliza kilichotokea, rudi ukaandike beti nyingine.