Barua Kutoka Doha: Ukichoka na Bosi, Utaondokaje?

Ndugu zangu,

Wiki hii mpwa wangu wa Kisauni amenitumia picha ya mkataba wa kazi ya ulinzi, na chini yake swali moja tu: "Mjomba, riyali 1,000 ni pesa ngapi?" Swali hili nalipata kutoka kwenu kila mara, na kila mara hunikera. Nyinyi ambao mkinunua mkungu wa ndizi sokoni Kongowea mnaugeuza pande zote, mkataba wa miaka miwili mnausoma mstari mmoja!

Haya, najibu. Ni kama shilingi 35,000. Ndicho kima cha chini hapa Qatar tangu Machi 2021, na mfanyakazi wa nyumbani naye yumo. Mwajiri asipokupa malazi anaongeza 500, asipokulisha anaongeza 300. Kwa mlinzi wa Nairobi hizo ni pesa, sikatai. Januari 2024 mamlaka ya Kenya inayosimamia ulinzi wa kibinafsi ilipoagiza alipwe shilingi 30,000, si mliona mambo yalivyofika mahakamani?

Lakini nina vijana wawili hapa, wote wa Pwani, waliokuja na kampuni moja kwa mshahara mmoja. Mmoja bado analinda lango la maduka kwa 1,000. Mwenziwe analinda hoteli ng'ambo ya barabara kwa 1,600. Hakusoma zaidi wala hana mjuano na mtu. Hoteli ilitaka mlinzi mwenye leseni tayari, akatoa notisi, akavuka barabara. Walipoondoka wengine kadhaa, bosi wa zamani akaanza kuwaita waliobaki ofisini, mmoja mmoja, kuwaongeza. Hakuwa amepata huruma usiku mmoja. Alihofia lango litabaki bila mtu.

Kabla ya Septemba 2020 hilo halikuwezekana. Bila barua ya ruhusa ya mwajiri, ile NOC, hukuweza kuhama kabla ya mkataba kwisha. Bosi alijua huna pa kwenda, sasa akuongeze kwa nini? Leo sheria inasema utoe notisi ya mwezi mmoja, au miwili ukiwa umemfanyia kazi zaidi ya miaka miwili, kisha uende. Wapo wakubwa ambao bado wanadai barua, wanashika pasipoti kinyume cha sheria, na wanamtisha mtu kwa kesi ya utoro. Hata hivyo mlango upo, na wenye uwezo wa kuupita wanalipwa vizuri zaidi.

Mbona basi yule wa lango la maduka hapiti? Kwa sababu yenu. Nasema kwa uchungu. Mlimkopea pesa za ajenti, ilhali sheria ya hapa inawakataza mawakala kumtoza mfanyakazi ada ya kuajiriwa. Tangu afike, kila tarehe ya mshahara simu yake hailali: karo, mabati, harusi. Hawezi kukaa hata wiki mbili akisubiri karatasi za kazi mpya. Akilalamika mnamwambia, "Vumilia, mwanetu." Avumilie nini, na hoteli iko ng'ambo ya barabara?

Sasa sikiliza, mpwa wangu. Hakikisha ajenti amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ya huko Kenya. Tazama mshahara wa msingi umeandikwa peke yake, usichanganywe na marupurupu, maana malipo ya saa za ziada na kiinua mgongo hupigiwa hesabu kwa mshahara huo. Muda wa majaribio usizidi miezi sita. Ukifika ukaletewa mkataba mwingine wenye mshahara pungufu, usitie sahihi. Piga picha mkataba na kitambulisho chako cha ukaazi, mtumie mama yako. Na kabla hujaanza kutuma chochote nyumbani, weka akiba ya kukulisha miezi miwili. Hiyo ndiyo itakuwezesha kumwambia bosi kwaheri.

Nawe dada yangu, mamake, nakuomba kwa heshima zote: miezi hiyo ya mwanzo usimwombe kitu. Mabati yasubiri. Harusi ya Desemba ifanyeni na mlicho nacho. Na siku akikupigia kukwambia anataka kuhama kazi, muulize kama ametoa notisi kwa maandishi, kisha umwache ahame.