Twiga wa Wamunyu, Ng'ombe wa Seiffen

Huku Saxony, mashariki mwa Ujerumani, kuna kijiji cha milimani kiitwacho Seiffen ambako ng'ombe wa mbao haanzi kwa kuchongwa: anakerezwa, halafu anapasuliwa. Fundi huchukua kipande cha gogo la msprusi, mti wa jamii ya msonobari, kikiwa kibichi na kimelowa maji, akakifunga kwenye kerezo. Anakata upande mmoja, anakigeuza, anakata wa pili. Kinachobaki ni pete ya mbao yenye mifereji na matuta, isiyofanana na mnyama yeyote. Kisha anaipasua kwa kisu na nyundo kama anayekata keki, na kila kipande kinatoka na miguu, tumbo na kichwa. Pete moja, ng'ombe dazeni kadhaa!

Mpaka anapasua, fundi huyo hajaona alichotengeneza. Anaongozwa na vidole na mazoea.

Kule Wamunyu, Machakos, nchini Kenya, ambako Mutisya Munge anatajwa kuwa ndiye aliyeanzisha uchongaji wa kuuza baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, twiga anaonekana tangu tezo lianze kugonga. Mchongaji analaza miguu na shingo kufuata nyuzi za mti. Akizikata nyuzi, mguu utavunjika hata kabla ya msasa. Naye pia hupenda mti mbichi kwa sababu ni laini. Taabu inakuja baadaye. Ng'ombe wa Seiffen ni mwembamba, hukauka mwili mzima kwa pamoja. Tembo wetu mnene hukauka nje huku ndani kungali na maji, na hapo ufa huanza. Dawa yake ni kumfunga kwa mfuko wa nailoni, au kumfukia kwenye vumbi la mbao, akauke polepole. Ufa ukitokea hata hivyo, huzibwa kwa gundi iliyokorogwa na unga wa mti huohuo.

Kwenye umaliziaji ndipo ninapotugombeza. Mjerumani hupaka rangi, na rangi husitiri mengi. Sisi tunauza mbao yenyewe, kwa hiyo mikwaruzo ya tupa yote inaonekana. Msasa uanze mkavu na mkali, kisha mbao ipanguswe kwa kitambaa chenye maji ili nyuzi zilizolala zisimame, ikauke, ndipo upite msasa laini. Wengi huruka hatua hiyo ya maji na kukimbilia kiwi nyeusi ya viatu, eti jakaranda ionekane mpingo. Mnunuzi akishika, mkono unatoka mweusi. (Mpingo halisi ukiutia majini unazama, jaribu kabla ya kulipa.)

Masikio na mikia Seiffen hubandikwa kwa gundi, maana pete haiwezi kuvitoa. Nyumbani tunataka mnyama wa kipande kimoja, kisha masikio ya twiga yanakatikia ndani ya sanduku la msafiri. Ukimshauri mchongaji ayabandike, atakuambia huo ni ulaghai, ilhali pembe za tembo amezichomeka miaka yote.