Seredani Ndani ya Karavani

Nimeombwa niandike jambo la manufaa. Naandika kosa langu, maana ndilo lenye manufaa zaidi.

Mnaukumbuka mkusanyiko wetu wa Novemba iliyopita pale Greenbelt Park, Maryland. Vijana walilala mahemani. Mimi, mjukuu wangu na dada yangu mkubwa aliyekuja kutoka Unguja tulipewa karavani ya kukodi. Dada alikuwa hajapata kuonja baridi kama ile. Kila aliposema, "Baridi, mdogo wangu," nilizungusha thamostati mpaka 90. Kila alipotoka jasho, niliizima. Basi usiku ukawa mara joto la kaskazi, mara barafu.

Sikujua kuwa thamostati si mfereji wa maji, kwamba ukiufungulia sana yatatoka mengi. Kazi yake ni kuwasha na kuzima tu. Ukiweka 90, moto hauzidi ukali, ila huchelewa kuzimika. Nazo kuta za karavani ni nyembamba, joto huingia upesi na kutoka upesi.

Kambini pale hakuna umeme wa kuunganisha. Feni ya hita ilitumia betri, nayo ikaisha kabla ya alfajiri. Dada akasema, "Lete ile seredani ya mishikaki, makaa bado yamo." Nami, mwalimu mzima, nikaiingiza na kufunga mlango.

Tulikuwa tukisinzia, vichwa vinatuuma, kengele ya ukutani ilipolia. Mjukuu aliruka, akafungua mlango, akatuvuta mikono: "Babu, toka! Bibi, toka!"

Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo harufu wala rangi, nayo huua. Kwetu tulizoea kuweka seredani uani. Karavani ni kasha. Hita yake ina bomba la kuvuta hewa ya nje na kutoa moshi nje, seredani haina.

Usiku wa pili tulijaza betri kwa jenereta, tukaweka 68, yaani nyuzi 20 za Selsiasi, tukaiacha bila kuigusa. Dada akaongezewa mablanketi mawili, akalala mpaka adhana ya simu.

Amekwisha rudi Unguja salama. Kila nikimpigia simu hunicheka kwa habari ile. Mimi bado sijaweza kucheka.

Wasia wangu: makaa yabaki nje, na kengele ya ukutani ijaribiwe kabla ya kulala. Mwenyezi Mungu atuhifadhi sote. Amin.