Milimita 200, lakini si klachi moja

Leo nataka kuwasimulia kosa nililofanya gereji, nikalilipa kwa posho yangu ya kujitolea.

Kuna mwalimu mstaafu hapa Mbarara, ana Volkswagen Beetle ya 1968, ile ya mgongo wa kobe, injini 1500. Klachi ilikuwa inateleza: injini inalia, gari haipandi mlima. Tena pedali ilikuwa ngumu, na mzee goti la kushoto linamuuma. Akaniambia, "Kijana, ukinilainishia hii pedali, Mungu akubariki."

Presha pleti ya zamani ilikuwa ya springi nyingi ndogo, zimepangwa duara. Ni imara, lakini mguu unachoka. Na diski ikilika, springi zinatanuka, nguvu ya kubana inapungua. Aina nyingine ina springi moja tu, bapa kama sahani, yenye vidole vinavyoelekea katikati. Inabana sawasawa, na pedali inakuwa laini. Nikasema, dawa ya goti ndiyo hii! Nikapima ya zamani: milimita 200. Dukani kulikuwa na ya sahani, milimita 200. Nikanunua.

Injini ya Beetle imefungwa kwenye giaboksi kwa bolti 4 tu. Tukairudisha, tukawasha. Kukanyaga klachi, kelele ya chuma kusagana. Gia haiingii.

Fundi wangu hakunigombeza. Alisema tu, "Tushushe tena." Chini ndipo akanionyesha. Giaboksi za mpaka 1970 hazina bomba la kuongoza beringi ya klachi. Beringi inashikwa na uma wake tu, kwa hiyo presha pleti lazima iwe na pete katikati ya kuipokea. Kuanzia 1971 bomba likawekwa, pete ikaondolewa. Niliyonunua mimi haikuwa na pete, beringi ikawa inasugua vidole vyenyewe.

Duka halikuipokea tena kwa sababu ilishakwaruzwa. Haki yao. Nikatoa pesa yangu, tukapata ya sahani yenye pete, tukarekebisha waya mpaka pedali ikawa na uhuru wa milimita kama 15.

Mwalimu alipokuja, alikanyaga mara tatu, kimya. Akacheka, akaondoka na gari lake.

Vijana mnaojifunza umakanika, msiende dukani na namba moja kichwani. Bebeni ile kuukuu. Angalieni kipenyo, springi, pete, halafu giaboksi ni ya mwaka gani.

Na ninyi ndugu wa mashirika, kabla ya kutuletea vifaa vya mafunzo, njooni kwanza mwone magari tuliyo nayo. Spea nzuri isiyolingana na gari lako ni deni tu. Mimi langu nimemaliza kulipa mwezi huu.